Mwanao ana aleji ya chakula na mnaishi Kigoma? Hivi ndivyo utapata watu wa kukushika mkono

Naandika hii nikiwa nyumbani Mwanga, Kigoma mjini, mtoto kalala ndio nimepata nafasi. Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu na ana aleji ya samaki, na nikisema samaki namaanisha wote, dagaa, migebuka, kuhe, sangala, hata mchuzi tu ukigusa mdomo. Sasa we fikiria Kigoma bila dagaa. Dagaa huku ndio kitoweo, ndio ada ya shule, ndio zawadi ukisafiri, jioni ukipita uchochoro wowote unakutana na harufu yake kwenye mawese. Kwaiyo nilipoambiwa mtoto asiguse kabisa nilihisi kama nimeambiwa nihame mji.

Wamama wenzangu huwa wananiuliza nilifanyaje mpaka watu wakanielewa. Ukweli ni kwamba niliacha kuomba waniele­we nikaanza kuwagawia kazi. Mtu ukimwambia "mtoto wangu ana aleji naombeni mnielewe" atasema pole mama, alafu kesho anampa kipande cha muhogo uliokaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa samaki, na sio kwa ubaya, ni kwamba hukumwambia afanye nini. Lakini ukimpa kazi moja, ndogo, inayoeleweka, anaishika na mwisho anaifanya vizuri kuliko hata wewe mzazi. Sasa nakueleza nilivyogawa, na wapi nilikosea.

Kwanza ujue unapambana na nini

Hapa mimi nilichelewa sana ndio mana nakusisitiza. Mtoto alipofika miezi sita nikaanza uji wa lishe, na unga wangu nilisagisha na dagaa humo humo, wengi huku tunafanya ivyo. Akawa anatoka vipele kuzunguka mdomo, anatapika, anakohoa usiku. Wa kwanza akasema meno, wa pili akasema mchango, mwingine akanishauri nimpeleke akakatwe kimeo, nashukuru Mungu sikumpeleka. Alafu 2024 ziwa likafungwa, si mnakumbuka, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti hakuna kuvua, dagaa wakapanda bei mpaka nikaacha kuweka kwenye unga. Miezi ile mitatu mtoto akanawiri, ngozi safi, hatapiki, mi nikajua mchango umeisha. Ziwa lilipofunguliwa tukapika dagaa wabichi kwa furaha, nikampa tonge la ugali lenye mchuzi, haikufika dakika kumi midomo imevimba, mwili mzima mabaka kama kaumwa na nyuki, kifua kinapiga filimbi.

Tukakimbilia zahanati moja, wakampa piriton ya maji wakatuambia turudi nyumbani atakaa sawa. Na kweli mabaka yakapungua. Kama masaa mawili baadae kifua kikabana upya, vibaya kuliko mwanzo, analegea, tukakimbia hospitali usiku ule ule na huko ndio wakamchoma sindano ya adrenalini pajani. Ndani ya dakika chache akalia kwa sauti, sijawahi kufurahi kusikia mtoto analia kama siku ile.

Kwaiyo hili lishike kuliko yote nitakayosema: piriton na setrizini zinasaidia muwasho na vipele, hazifungui koo, hazifungui kifua na hazipandishi presha iliyoshuka. Dawa ya aleji kali ni adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, na inatakiwa iwahi. Na aleji kali inaweza ikatulia alafu ikarudi masaa kadhaa baadae, ndicho kilichotukuta sisi, kwaiyo ukiambiwa haraka haraka "mama nenda nyumbani" omba kwa upole mkae hapo hapo mtoto aangaliwe kwa masaa kadhaa.

Baada ya siku ile nikanunua daftari. Daktari aliyemuona baadae aliniambia hata pale penye vipimo vya ngozi na vya damu, maelezo ya mzazi ndio yanaanza, mana kipimo peke yake kinaweza kuonyesha aleji ya kitu ambacho mtoto anakula kila siku bila shida. Andika kala nini, saa ngapi, ilianza baada ya muda gani na ilionekanaje, na piga picha kwa simu mana ukifika kwa daktari vipele vinakua vimeshapotea na wewe unaonekana unabuni. Aleji ya namna hii huja ndani ya dakika chache mpaka kama masaa mawili. Akaniuliza pia, wengine waliokula ile sufuria walipata nini? Nikasema hakuna. Akanieleza kwamba samaki aliyekaa kwenye joto anatengeneza kitu kinaitwa histamini, na watu wakila wanatoka mabaka na uso kuwaka moto karibu wote, huo ni ubovu wa samaki sio aleji. Kama ni mtoto peke yake, na ni kila akigusa, hapo ndio aleji.

Kwa sisi wa mjini hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, omba kuonana na daktari wa watoto, wakiona inahitajika wanakuandikia rufaa ya mbele, kwa huku kwetu mara nyingi ni Bugando, Mwanza. Sera inasema mtoto chini ya miaka mitano halipi kituo cha serikali, ila weka akiba mana dawa ikikosekana utaandikiwa ukanunue nje. Na tafadhali usimtolee mtoto vyakula kwa kubahatisha, leo umetoa maziwa kesho mayai keshokutwa karanga, utabaki na mtoto anakula ugali na chumvi ya Uvinza tu na atadumaa bure.

Zahanati ya jirani: nenda siku mtoto ni mzima

Watu wengi wanakutana na nesi siku ya hatari, wakati huo wewe unalia, yeye amechoka, hakuna anayemsikiliza mwenzie. Mimi baada ya lile tukio nilienda kituo cha karibu na nyumbani mchana foleni ikiwa imepungua, nimebeba kadi ya kliniki, nikasalimia, nikasema mwanangu ana aleji kali ya samaki na alishachomwa adrenalini, nina maswali mawili tu. Adrenalini ipo kwenye trei yenu ya dharura? Usiku zamu inakuaje, nikija saa nane nagonga wapi? Basi. Hawakuniona msumbufu kabisa, yule dada alienda akaangalia, akarudi akaniambia ipo, akanionyesha na mlango wa usiku. Alafu nikampa kazi yake, nikamuomba aandike juu ya kadi kwa kalamu nyekundu ALEJI YA SAMAKI NA DAGAA, ili yeyote atakayeifungua aanze na hapo.

Kupima kilo usiache hata mtoto akishamaliza chanjo, mana dozi ya adrenalini ya mtoto inapigwa kwa uzito wake. Mimi naandika kilo mpya kwa penseli kwenye kikaratasi kile kile nilichobandika ukutani, ntakuja kukieleza.

Zile kalamu za adrenalini (sindano zenye dozi tayari ndani) ambazo wenzetu wa Ulaya wanatembea nazo kwenye begi, mimi sijazikuta duka lolote la dawa hapa mjini. Usikae ukizisubiri. Muulize daktari wako anashauri nini kwa mtoto wako, na usijaribu kuvuta dawa kwenye chupa na kumchoma mwenyewe kwa kuangalia video, hiyo inafundishwa mkono kwa mkono. Ukiwa na swali la kawaida la afya Wizara ina namba ya bure, 199, ila hiyo ni ya maswali, mtoto akibanwa usikae kwenye simu, ondoka.

Bibi yake, na hapa ndio palikua pagumu

Mama mkwe wangu anaishi Ujiji na maisha yake yote ni dagaa. Ananunua mwaloni Kibirizi, anaanika, anauza kwa wanaopakia kwenda Dar. Nilipomwambia mjukuu wake haruhusiwi dagaa alinyamaza muda mrefu alafu akasema, "Mwanangu, dagaa ndio zimemsomesha mumeo. Leo zimekua sumu?"

Nikafanya kosa, nikaanza kubishana. Nikamfungulia simu nikamsomea mambo ya protini na kinga ya mwili, nikamwambia bibi akimshika na ile mikono yenye dagaa mtoto atatoka vipele. Hakunijibu. Wiki ile ile nikamuacha kwake mchana, nikarudi nakuta mtoto mashavu yote mabaka, kampa kidogo tu "ili azoee". Nililia njia nzima mpaka Mwanga na nikaapa sitampeleka tena, mume wangu akawa katikati hajui ashike upande gani.

(Kuhusu kuzoesha: yapo matibabu ya kumpa mtoto chakula chenye aleji kwa vipimo vidogo vidogo, lakini yanafanywa na mabingwa, wakiwa na dawa pembeni, sio jikoni kwetu. Bibi akisema "tumzoeshe" usimcheke wala usimgombeze, mwambie kazi hiyo ina watu wake.)

Kilichotuokoa ni kliniki. Nilimuomba mama mkwe anisindikize, sikumwambia kwanini, nikamwambia tu naomba uje na mimi kuna mambo sikumbuki vizuri nikishatoka pale. Nesi wa siku ile alikua mama mtu mzima wa rika lake. Akamsalimia kwa heshima zote, akamwambia, bibi, mwili wa huyu mtoto umefananisha samaki na adui, ukimuona hata kidogo unapigana, na ukipigana sana unaziba njia yake ya hewa. Sio kosa la mama yake, sio la dagaa, sio la mtu. Mama mkwe akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria. Akasema, "Kwaiyo sio kwamba mikono yangu michafu?"

Yani kumbe muda wote mimi nasema aleji, yeye anasikia namwambia mchafu. Mama aliyelea watoto saba kwa mikono ile ile.

Kwaiyo kama una mama mkwe, mama yako, shangazi, mtu yeyote mkubwa anayekataa, kabla hujamwambia hana akili jiulize anasikia nini wewe ukiongea. Alafu mpeleke akaambiwe na mtu wa rika lake, sio wewe. Mkwe hafundishwi na mke wa mwanae, huko ndio kwetu na sio vibaya, zunguka tu.

Kazi niliyompa ni moja: bibi ndiye mlinzi wa mikono. Akitoka kwenye dagaa anaoga, anabadili kanga, ndio anamshika mjukuu. Mikono inaoshwa kwa maji na sabuni, sanitaiza haitoi protini ya chakula mikononi hata ikinukia vizuri vipi. Sasa hivi mtu akiingia kwake anataka kumbeba mtoto anamsimamisha mlangoni, "umekula nini wewe, nenda kanawe." Ameweka sufuria na mwiko wa mtoto pembeni, amefunga uzi mwekundu kwenye mkono wa sufuria, na hakuna anayeigusa pale nyumbani. Sikumwambia afunge uzi. Na akipika dagaa anapikia nje, mtoto akiwa mbali, mana kwa watoto wengine hata ule mvuke wa samaki anayechemka unatosha kubana kifua, wangu ni mmojawapo.

Jirani, mama muhogo na mashine ya kusaga

Majirani usiwaite kikao, watachoka na wewe mapema. Pita mmoja mmoja. Mimi maneno yangu ni haya haya kila nyumba: "Mama nanihii, mwanangu akila chochote cha samaki anavimba koo. Naomba asipewe chochote hapa hata biskuti mpaka niulizwe." Nimesema chochote kwa makusudi. Ukianza kuorodhesha kwamba wali anaweza, maandazi anaweza, muhogo inategemea, mtu anachanganya. Kusema chochote ni rahisi kukumbuka na haimkosei mtu.

Yule mama anayekaanga mihogo kona yetu anakaanga na samaki kwenye karai moja, mafuta yale yale. Nilimwambia, akahuzunika kweli, na akajitolea awe anatoa mihogo ya mtoto mwanzoni kabisa asubuhi mafuta yakiwa mapya na karai limesuguliwa. Nilimshukuru lakini nilikataa, kwa aleji kali kama ya huyu bora nikaange mwenyewe. Nakwambia ili ujue kwamba kukataa msaada unaoweza kumdhuru mtoto ni ruhusa, kataa kwa shukrani. Nikampa kazi nyingine, yeye ndiye anaangalia ile kona, mtoto akitoka peke yake ananiita.

Mashine ya kusaga ndio wengi hawaikumbuki. Unapeleka mahindi yako safi kabisa, kumbe aliyetangulia kasagisha lishe yenye dagaa na karanga. Kijana wa mashine alikubali nije wa kwanza asubuhi baada ya kufagia, na napitisha kwanza kilo moja ya mahindi ya kusafishia ambayo inaenda kwa kuku. Kwa ugali wetu wakubwa inatosha. Uji wa mtoto nimeamua natwanga kwa kinu nyumbani, inachosha lakini nalala usingizi.

Alafu kuna watoto wa majirani. Hawa usiwadharau. Niliwakusanya watano nikawaambia mwenzenu akila dagaa anashindwa kupumua, kazi yenu mkimuona anapewa mpige kelele. Wanapiga kelele kweli, siku moja walimpigia kelele mgeni wa watu aliyekua anampa pipi.

Kikaratasi cha ukutani na mtu wa bajaji

Hiki kikaratasi kiwepo kwako, kwa bibi, na popote mtoto anaposhinda. Mimi niliandika kwa mkono nikatoa kopi stashenari nikaweka na laminesheni:

"Mtoto huyu ana ALEJI KALI ya samaki na dagaa. Ukiona midomo au uso unavimba, anatapika mfululizo, sauti imebadilika, kifua kinapiga filimbi, anahema kwa shida, au analegea baada ya kula: usisubiri. Mlaze chali, inua miguu. Kama anatapika mlaze ubavu. Kama anahema kwa shida mkalishe akiegemea. Usimsimamishe wala kumtembeza. Usimtapishe, usimpe maziwa. Piga simu ya bajaji, mpeleke kituoni, sema ALEJI KALI, ANAHITAJI ADRENALINI. Uzito wake kilo ..."

Maziwa nimeyaandika kwa sababu huku mtu akiona mtoto anavimba wa kwanza kukimbilia ni maziwa kuondoa sumu. Hayaondoi kitu, na mtoto anayetapika huku koo limebana anaweza kupaliwa. Na usimfunge mgongoni kwa mbeleko, najua mkono unaenda wenyewe, lakini kifua kinabanwa na humuoni usoni.

Usafiri, sisi tumezoea bodaboda, ila kwa hili mimi nachagua bajaji, mana kwenye bajaji unaweza kumlaza mtoto mapajani, kwenye boda unamshika wima na mwili ukiwa na presha ya chini kukaa wima ndio hatari. Tafuta madereva wawili wanaolala mtaani kwenu, sio mmoja, mweleze kila mmoja mapema kwamba nikikupigia usiku nikasema "mtoto" usiulize bei, njoo. Kazi yao ni hiyo. Wa kwangu mmoja ana watoto wadogo, aliniambia hata simu yake usiku haizimi tena.

Hela za hiyo safari zitoke wapi? Kama upo kwenye kikoba, kuna mfuko wa jamii ambao kila mtu anachangia kidogo kila wiki kwa ajili ya misiba na magonjwa. Usisubiri yatokee, simama siku ya kikao uwaeleze mwanao ana hali gani, ili siku ukipiga simu mweka hazina anajua ni nini. Mimi niliona aibu miezi minne, siku niliyosimama hakuna aliyenicheka na mmoja akalia, mwanae anavimba akila mayai alikua hajamwambia mtu.

Tafuta mama mmoja anayepitia kama wewe

Yule wa mayai ndio rafiki yangu leo. Mwingine nilimpata kupitia nesi wa kliniki, nilimwachia namba yangu nikamwambia ukipata mama yeyote mwenye mtoto wa aleji mpe, akitaka anipigie. Baada ya wiki kama tatu simu ikaita, mama wa Mwandiga, mtoto wake maziwa ya ng'ombe. Tunatumiana voisi usiku wakati watoto wamelala, mara nyingi hakuna ushauri wowote, ni "leo nimechoka" na mwenzio anasema "najua." Mume anakupenda, mama yako anakupenda, lakini ule woga wa kila tonge anaujua aliyenao.

Kutoka kwao nimejifunza mambo ya aleji nyingine, nayaweka hapa kwa kifupi. Mtoto wa maziwa ya ng'ombe usimhamishie maziwa ya mbuzi kwa kuambiwa ni mepesi, protini zake zinafanana sana na wengi wanapata shida ile ile, ongea na daktari kwanza. Na mtoto anayeharisha na kujaa gesi tu akinywa maziwa inaweza kuwa tumbo linashindwa kusaga sukari ya maziwa, hiyo sio aleji. Mwenye aleji ya mayai asiache chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na ya 18, mwambie nesi ana aleji ya mayai na mtoto achanjwe. Mwenye karanga aangalie kisamvu, mlenda na mboga yoyote nzito, mana karanga ikishatwangwa ndani huioni, na kuchemsha hakuondoi.

Chakula mbadala kisikuumize kichwa peke yako. Kila halmashauri ina afisa lishe, muulizie, na ile Siku ya Afya na Lishe ya mtaa au kijiji ni nafasi nzuri ya kumkamata bila kwenda ofisini. Wa kwetu alinitulia, tukapanga maharage (na maharage ya huku si mnayajua), mayai, maziwa, nyama hata kidogo lakini mara kwa mara, karanga kwa kuwa yeye hana shida nazo. Nilikua nawaza bila dagaa atakosa mifupa, kumbe inapangika.

Shughuli, safari na chekechea

Kwenye shughuli usimwachie mwenye shughuli mzigo. Natuma ujumbe siku mbili kabla: "Asalaam aleykum mama, tutakuja inshaallah, mtoto namfungia chakula chake, naomba tu asipewe kitu bila kuniuliza." Nakuja na hotpoti. Maulidi Ujiji, harusi, msiba, ni hivyo hivyo. Kwenye treni na kwenye boti za ziwani pia chakula chake chote kinatoka nyumbani, vituoni sinunui kitu cha kukaanga hata kinukie vipi.

Chekechea nilienda kuongea na mwalimu kabla ya kulipa. Nilimuuliza watoto wanakula wapi, wanabadilishana chakula? Akasema kwa ukweli kabisa wanabadilishana kila siku. Mkuu wa chekechea moja ya kwanza niliyoenda aliniambia hawawezi "jukumu hilo" na sikugombana nae, bora aliyesema kuliko atakayekubali kwa mdomo. Huyu wa pili aliniuliza maswali kuliko mimi. Kazi yake: mtoto anakaa mwisho wa mkeka karibu na mwalimu, watoto wote wananawa kwa sabuni baada ya kula, na kikaratasi kinakaa ukutani na namba za bajaji. Nilimshonea mtoto kitambaa kifuani kwenye shati, NINA ALEJI YA SAMAKI USINIPE CHAKULA, kwa herufi kubwa. Wapo walioniambia namuaibisha mtoto. Akikua akataka kitoke tutaongea.

Baba yake kazi yake ni usiku. Mimi nilikua silali, naamka kila saa kusikiliza kifua, mpaka siku moja nikadondoka jikoni. Sasa Ijumaa na Jumamosi ni zamu yake na mimi nalala chumba kingine, mlango umefungwa. Mwanzoni nilikua naamka hivyo hivyo nasikiliza ukutani. Ilichukua kama mwezi.

Daktari alisema wenye aleji ya maziwa na mayai wengi hupona wakikua, ila ya samaki mara nyingi inabaki hata ukubwani, kwaiyo tunamrudisha kuangaliwa kila mwaka mwezi wa nane, na kama kuna kujaribishwa tena itakua hospitali, dawa ikiwa mezani, sio kwetu. Mwaka jana nilikua sijakumbuka tarehe. Bibi yake ndiye aliyepiga simu kutoka Ujiji, ameshaoga, ameshavaa, anauliza tunaenda na bajaji ya nani.